RIWAYA ZA MAPENZI NA ZA MAAJABU: TUZIPIME KABLA YA KUZIHUKUMU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote, Aliyemfunza mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwongozo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, neno "riwaya" tunalolitumia leo kwa kitabu cha hadithi ya kubuni lina asili yenye heshima. Kwa wanazuoni wa Hadith, riwaya ni habari iliyopokewa kwa isnadi, na kila mpokezi aliyemo ndani ya isnadi hiyo huulizwa: alikuwa nani, alikutana na nani, ukweli wake ulikuwaje na hifadhi yake ilikuwaje? Neno hilo hilo likahamia kwenye kitabu ambacho watu wake hawakupata kuwapo duniani. Jina likabakia, maswali yakaachwa. Makusudio ya makala hii ni kuyarejesha maswali. Kwa kuwa hadithi ya kubuni haina mpokezi wa kuulizwa, basi iulizwe yenyewe: inampamba nani, inampaka nani matope, na inamwacha wapi anayeifunga baada ya ukurasa wa mwisho?

Wazazi wengi hutujia walimu baada ya darsa wakitaka jibu la neno moja. Binti amekutwa na riwaya ya mapenzi chini ya mto. Kijana anakesha na kitabu cha wachawi na mazimwi. Je, ni halali au ni haramu? Ipo kanuni mashuhuri kwa wanazuoni wetu kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Nami nimezisoma riwaya hizi, za Kiswahili na za Kiarabu, za wenzetu na za wageni. Ninayoyasema hapa ni rai ya msomaji aliyezifungua.

MFANO WA AN-NADHR BIN AL-HARITH

Wanaokataza hadithi zote kwa jumla hutoa dalili katika Suratu Luqman, aya ya 6, inayowashutumu wanaonunua maneno ya upuuzi. Aya hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Hata hivyo, aya yenyewe imetaja shabaha ya mtu huyo, nayo ni kuwapoteza watu na njia ya Allah. Sahaba Ibn Mas'ud (r.a.) ameifasiri kwa uimbaji. Wengine katika wafasiri wameihusisha na An-Nadhr bin al-Harith, Mkuraishi aliyesafiri mpaka nchi za Waajemi akajifunza visa vya wafalme wao na mashujaa wao, Rustam na Isfandiyar. Kila Mtume (s.a.w.) alipoondoka barazani, An-Nadhr alikaa mahali pale pale akawasimulia watu visa hivyo, akidai kuwa masimulizi yake ni matamu zaidi.

Sasa tutazame Qur'an ilimjibu vipi. Ilimshutumu kwa nia yake na ubatili wake, kisha haikuwaacha watu bila ya visa. Walisimuliwa kisa cha Yusuf (a.s.), kisa cha Musa (a.s.), kisa cha Watu wa Pangoni na cha Dhul-Qarnain. Moyo wa mwanadamu umeumbwa ukipenda kisa, na Muumba wake Anaujua. Aliyeona hadithi mbaya imeingia nyumbani kwake, kisha akaitoa na kuiacha nafasi ile tupu, atakuta jioni ile ile imeingia nyingine.

AMA RIWAYA ZA MAPENZI

Nianze na zile zinazolalamikiwa zaidi. Katika miaka ya 2000 zilipatikana kando ya barabara, katika vijitabu vyembamba na magazeti ya kila wiki, zikikatwa kwa neno "itaendelea". Leo zimehamia katika simu. Sehemu ya kwanza hutolewa bure, sehemu inayofuata huombewa pesa, na mahali pa kukatia huchaguliwa pale ambapo matamanio yamepanda zaidi. Hadithi za namna hii sina la kuzitetea. Maungo ya mwanamke yanaelezwa humo kiungo kwa kiungo, zinaa inaitwa mapenzi, na mume wa mtu anaitwa bahati. Aliyeamrishwa kuinamisha macho yake njiani hawezi kuhalalishiwa kuyainua juu ya karatasi.

Lakini lipo kosa la pili, nalo linapatikana hata katika riwaya za mapenzi zenye staha, zisizotaja chochote cha aibu. Riwaya hizo huishia mlangoni mwa ndoa. Kurasa mia mbili ni za kutafutana, kuzuiwa, kulia na kuandikiana barua. Kisha harusi, kisha kitabu kimefungwa. Msichana aliyesoma vitabu ishirini vya aina hii ameolewa mara ishirini katika fikra zake, na hata siku moja hajakaa ndani ya ndoa. Hajasoma mume aliyerudi amechoka na hana kitu mfukoni. Hajasoma mtoto mwenye homa usiku wa manane, wala mawifi, wala kodi ya nyumba. Anapoingia katika ndoa ya kweli na kuyakuta hayo, hudhani kuwa amekosea mtu. Kadhi na masheikh wanaosikiliza mashauri ya ndoa wanalijua lalamiko hilo kwa sura nyingi: "hanipendi kama nilivyotarajia". Inafaa kumuuliza mlalamikaji matarajio hayo aliyapata wapi.

Tulinganishe na hadithi ya Ummu Zar'i, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Bibi Aisha (r.a.) anamsimulia mumewe, Mtume (s.a.w.), habari ndefu ya wanawake kumi na mmoja waliokaa pamoja wakaahidiana kutoficha chochote katika habari za waume zao. Mmoja anamlalamikia mume mkali, mwingine anamsifu mume mpole, mwingine anaogopa hata kusema. Wa mwisho, Ummu Zar'i, anamkumbuka Abu Zar'i aliyemtukuza na kumpamba, kisha akamwacha kwa ajili ya mwanamke mwingine. Mtume wa Allah, pamoja na mizigo yote ya Umma, aliisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, kisha akamwambia mkewe kuwa yeye kwake ni kama Abu Zar'i kwa Ummu Zar'i. Na katika baadhi ya mapokezi imezidishwa kuwa tofauti yao ni kwamba yeye hamwachi. Simulizi hii ya mapenzi inaanzia ndani ya nyumba, mahali pale ambapo riwaya nyingi hukomea. Na msikilizaji wake ni mume. Ni wangapi kati yetu wanaokataza riwaya, na hawajapata kumsikiliza mke akisimulia jambo kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai?

Wala dini haikuficha kwamba mtu anaweza kupenda asipendwe. Bukhari amepokea habari za Mughith, aliyekuwa mume wa Barira. Barira alipoachwa huru alipewa hiari, akachagua kuachana naye. Mughith akawa anamfuata katika njia za Madina huku machozi yakimtiririka mpaka ndevuni. Mtume (s.a.w.) alistaajabu mbele ya ami yake Abbas (r.a.) kwa namna huyu anavyopenda na yule anavyochukia. Akamwombea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni uombezi tu. Akasema kuwa hana haja naye. Habari ikaishia hapo. Mughith hakuchekwa kwa machozi yake, na Barira hakulazimishwa. Kijana anayefundishwa na riwaya kwamba ukilia sana lazima utapata, na kwamba mwanamke akikataa huwa anajifanya tu, anahitaji kusomeshwa habari hii kabla hajabaleghe.

RIWAYA MBILI ZINAZOTUSUTA

Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba baadhi ya riwaya za Kiswahili zimetuona vizuri kuliko tunavyojiona wenyewe. Chukua Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka 1980, ambayo imewahi kuwa kitabu cha kiada katika sekondari za Kenya. Bwana Maksuudi amemfungia binti yake Maimuna ndani ya kuta nne. Hamfunzi, hazungumzi naye. Humlinda kama mali. Yeye mwenyewe nje ni mtu wa dhulma na wanawake. Siku Maimuna anapotoroka, anaingia katika mji ambao hana silaha yoyote ya kukabiliana nao, na anaishia kwenye ulevi na kuuza mwili. Kuna Waislamu walioiona riwaya hii kuwa ni shambulio dhidi ya sitara. Mimi nimeisoma kama shambulio dhidi ya unafiki. Sitara ya Sharia ina elimu, mapenzi ya wazazi na mfano mwema wa baba. Maksuudi aliyatupa yote hayo akabakisha komeo tu.

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999 na kufanywa filamu 2021. Yasmin, binti mdogo, anaozwa kwa mzee Raza asiyempenda. Anaikimbia ndoa hiyo, kisha anaangukia katika mapenzi na Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar. Hapa nina sifa na nina lawama. Sifa ni kwamba mwandishi amemsikia binti ambaye watu wake wote walikataa kumsikia. Lawama ni kwamba riwaya imemwachia milango miwili tu: ndoa ya kulazimishwa au mapenzi yasiyo na ndoa. Mlango wa tatu upo tangu karne kumi na nne. Bukhari amepokea kuwa Khansaa bint Khidham (r.a.) aliozwa na baba yake bila ya ridhaa yake, akaenda kushitaki kwa Mtume (s.a.w.), na Mtume akaivunja ndoa ile. Na kuhusu bikira, Bukhari na Muslim wamepokea kuwa naye pia hutakwa idhini. Lau nyumba zetu zingeliitekeleza Sunna hii, kisa cha Yasmin kingelikosa pa kuanzia. Basi tumlaumu mwandishi kwa alichokosa kukiona, lakini tusikasirike kwa alichokiona.

AMA RIWAYA ZA MAAJABU

Wako wanaosema kuwa hadithi ya kubuni ni uongo, na uongo ni haramu. Hoja hii iliwafikia watu wa zamani. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 516 Hijria, katika dibaji ya Maqamat zake alijitetea kwa kutaja hadithi zinazowasemesha wanyama na vitu visivyo na uhai, ambazo watu wamezipokea kwa ajili ya mafunzo yake. Kabla yake Ibn al-Muqaffa' alikwisha kuifasiri Kalila wa Dimna kwa Kiarabu, simba na mbweha wakawafunza wafalme siasa. Ibn Tufayl wa Andalusia, aliyefariki 581 Hijria, aliandika habari za Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu, akafikiri mpaka akatambua kuwa ana Muumba. Hatuna haja ya kukubali kila fikra iliyomo humo ili tukiri kuwa kubuni kulitumika kuitafuta haki. Na wala wazee wetu hawakukikubali kila kilichobuniwa. Ibn al-Nadim, mwenye Al-Fihrist, alikitaja kitabu cha usiku elfu na hakuficha kwamba kwake ni kitabu hafifu chenye masimulizi baridi.

Kwa Kiswahili tunaye Shaaban Robert. Kusadikika, ya 1951, ni nchi inayoelea angani. Haipo, lakini dhulma ya baraza lake tunaijua. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani kwa nguvu za jini kwa sababu ya husuda yao. Mtoto aliyeisoma hatoki akiamini kuwa jirani yake ni nyani. Anatoka akiiogopa husuda. Maajabu ya namna hii ni chombo, na ndani ya chombo mna chakula.

Ama vitabu saba vya Harry Potter, alivyovitoa J. K. Rowling wa Uingereza baina ya 1997 na 2007, nitasema ninavyoviona. Mna ndani yake ujasiri, uaminifu kwa rafiki na mtu kujitoa kwa ajili ya wengine. Mna pia jambo ambalo Muislamu hawezi kulipita: sihri imefanywa kuwa elimu ya kipawa, yenye shule nzuri kuliko nyumba zote. Allah (s.w.) katika Suratul-Baqara, aya ya 102, Ameihesabu kuwa fitna, na Mtume (s.a.w.) ameitia katika mambo saba yenye kuangamiza. Mtoto mdogo asiyejua tofauti hii asiachiwe vitabu hivyo peke yake. Kijana aliyekwisha kuifahamu Tawhidi ana uwezo wa kuvisoma na kuyaona yote mawili.

Lakini, ndugu zangu, hatari iliyo karibu nasi si fimbo ya mchawi wa Kizungu. Mtoto wa London akifunga kitabu hukuta barabara na basi. Mtoto wetu akifunga kitabu hukuta kibao cha mganga kwenye nguzo ya umeme, chenye namba ya simu. Kwa ajili hiyo ninazihofia zaidi hadithi zetu wenyewe ambazo mume anarudishwa kwa limbwata, mwizi anafichuliwa kwa ramli na tajiri anapata mali kwa kafara. Hadithi hizo haziandikwi kama maajabu. Zinaandikwa kama habari za mtaani, na msomaji huzichukua hivyo. Limbwata ndilo lile lile lililotajwa kwa jina la tiwala katika hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.) aliyoipokea Abu Daud, likahesabiwa kuwa ni shirki. Na sote tumeona itikadi hizi zinavyozaa matunda. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Tanzania, kwa sababu waganga waliwaaminisha watu kuwa viungo vyao huleta utajiri; ikafika Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku waganga wapiga ramli. Panga lile halikuanza na panga. Lilitanguliwa na maneno yaliyosadikiwa.

MIZANI YA MSOMAJI

Kwa hiyo, ewe mzazi na ewe mwalimu, haitoshi kuuliza kama ndani ya kitabu mna mapenzi au mna jini. Katika Suratu Yusuf mna mwanamke aliyefunga milango na kumtaka kijana. Qur'an imetaja tukio, ikataja khofu ya Yusuf kwa Mola wake, ikataja jela aliyoichagua. Haikuueleza mwili wa mtu yeyote. Tunaweza kuchukua humo mizani ya maswali manne.

La kwanza: maasi yakitajwa, yanatajwa ili yajulikane au yanapikwa ili yatamaniwe? La pili: mwenye kudhulumu na mwenye kuzini wanafikia wapi mwisho wa kitabu, na je, mwandishi anatutaka tuwaonee wivu? La tatu: haja inapotimia, imetimizwa na nani, na Allah kupitia sababu za halali, au na mganga na hirizi? La nne: msomaji akikifunga kitabu, anamwendea mkewe, mumewe au wazazi wake kwa huruma zaidi, au kwa dharau?

Riwaya itakayofeli katika swali la kwanza au la tatu isiingie nyumbani. Itakayoyumba katika mengine isomwe na aliyekomaa, na izungumzwe. Neno "izungumzwe" ndilo zito zaidi. Msichana anayesoma kwa kujificha anasoma bila ya mwalimu, na kitabu kinakuwa ndicho mwalimu wake katika jambo ambalo mama ameona haya kulitaja na baba ameona ni udhaifu kulitaja. Ibn Hazm, pamoja na ukali wake katika fiqhi, aliandika Tawq al-Hamama juu ya mapenzi na hali za wapendanao, na akaufunga mlango wake wa mwisho kwa fadhila za kujizuia. Ibn al-Qayyim, Mwenyezi Mungu Amrehemu, aliandika Rawdhat al-Muhibbin. Hao ni maimamu. Haya iliyowazuia wao kufanya maasi haikuwazuia kufundisha.

TUNALOWEZA KULIFANYA

Kila madrasa iwe na rafu ya hadithi karibu na rafu ya misahafu. Wapo wenye kujua Kiarabu miongoni mwetu; na wazifasiri riwaya za Dkt. Najib al-Kilani wa Misri, aliyefariki 1995, ambaye alikuwa tabibu na mwandishi, na aliyeandika hata juu ya Waislamu wa Nigeria katika Amaliqat ash-Shamal. Na wale vijana wenye kipaji cha kuandika wasiambiwe kuwa kalamu yao ni ya shetani. Waambiwe waandike kisa cha ndoa kinachoanzia baada ya harusi, cha posa iliyokataliwa na aliyekataliwa akasubiri, cha mke aliyeelekezwa kwa mganga akageuza njia akaelekea msikitini. Visa hivyo vimejaa mitaani kwetu, vinangoja mwandishi. Tusipoviandika sisi, An-Nadhr wa zama hizi hana shughuli nyingine. Tayari amekwisha kukaa barazani.

Tunamuomba Allah (s.w.) Azitakase nyoyo zetu na masikio yetu, Awahifadhi watoto wetu na shari ya kila lenye kupambwa kwa batili, Atujaalie tuwe wenye kusikiliza kauli na kufuata iliyo njema zaidi. Amin.

Wabillahi Tawfiq.